Mfereji wa Suez: Njia ya maji iliyoipokonya Misri uhuru wake na kuvuta reli hadi Kisumu

JIONI ya Julai 26, 1956, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alisimama mbele ya umati mkubwa katika uwanja wa Manshiya mjini Alexandria na kuanza kuhutubia taifa. Hotuba hiyo ilirushwa moja kwa moja na redio.

Waliomsikiliza waligundua kwamba Rais alikuwa akilitaja mara kwa mara jina la Mfaransa mmoja aliyekuwa amefariki zaidi ya miaka 60 awali. Wengi walidhani ni kumbukumbu za kihistoria tu. Lakini kwa vikundi vya watu waliokuwa wametega masikio karibu na redio, jina hilo, de Lesseps, lilikuwa ishara waliyokubaliana. Walipolisikia waliinuka, wakaingia katika afisi za kampuni iliyomiliki Mfereji wa Suez na kuzitwaa, wakiongozwa na mhandisi wa jeshi Mahmoud Younis. Kabla hotuba haijamalizika, mfereji ulikuwa mikononi mwa Wamisri.

Ferdinand de Lesseps alikuwa nani? Na ilikuwaje nchi ilazimike kutumia hila ili kujitwalia mfereji uliochimbwa katika ardhi yake, kwa jasho la watu wake? Majibu ya maswali hayo yanaeleza sehemu kubwa ya historia ya Misri ya karne mbili zilizopita, na pia sehemu isiyo ndogo ya historia ya pwani ya Afrika Mashariki.

Mfereji wa Suez unakata shingo nyembamba ya nchi kavu inayounganisha Afrika na Asia. Upande wa kaskazini unaanzia Port Said katika Bahari ya Mediterania, na upande wa kusini unatokea mjini Suez katika Bahari ya Sham. Leo una urefu wa kilomita 193 na kina cha mita 24. Tofauti na ule wa Panama, hauna malango ya kupandisha na kushusha meli, kwa kuwa bahari hizo mbili zinakaribia kuwa katika usawa mmoja.

Jambo hilo la usawa liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Jenerali Napoleon alipoivamia Misri mnamo 1798, alimwagiza mhandisi Jacques-Marie Le Père apime eneo hilo. Le Père alikosea hesabu, akatangaza kwamba Bahari ya Sham iko juu kuliko Mediterania kwa takriban mita 10. Wazo la mfereji likawekwa kando kwa hofu ya mafuriko, hadi vipimo vipya vya 1847 vilipoonyesha kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi.

Wazo lenyewe halikuwa la Wazungu. Zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, Farao Necho wa Pili alianza kuchimba mfereji wa kuunganisha mto Nile na Bahari ya Sham, na mfalme Dario wa Uajemi akauendeleza na kusimamisha mawe ya kumbukumbu kando yake. Waislamu walipoiteka Misri katika karne ya saba, Amr ibn al-As aliufufua ili kupeleka nafaka Uarabuni. Mfereji huo wa kale ulifungwa katika karne ya nane, mchanga ukaufukia.

De Lesseps hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanadiplomasia aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Ufaransa nchini Misri katika miaka ya 1830. Huko alifanya urafiki na kijana Said, mwana wa mtawala Muhammad Ali. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo alikuwa mnene, na baba yake alimnyima chakula na kumfanyisha mazoezi makali. Alikuwa akijificha nyumbani kwa Mfaransa huyo na kushibishwa tambi. Iwe kweli au la, Said alipotwaa utawala mnamo 1854, de Lesseps hakukawia kumfikia, na kufikia Novemba 30 mwaka huo alikuwa na kibali mkononi.

Masharti ya kibali hicho yanafaa kusomwa kwa makini na kila nchi yenye rasilimali na isiyo na mtaji. Kampuni ingeendesha mfereji kwa miaka 99 tangu siku ya kufunguliwa. Ingepewa ardhi bila malipo. Misri ingepata asilimia 15 pekee ya faida. Kisha, kwa amri iliyotolewa mnamo 1856, serikali ya Misri iliahidi kutoa vibarua, na manne kwa tano ya wafanyakazi wote walipaswa kuwa Wamisri.

Uingereza ilipinga mradi huo vikali. Waziri Mkuu Lord Palmerston aliuona kuwa njama ya Ufaransa ya kujipenyeza katika njia ya kwenda India. Hisa 400,000 zilipotolewa kwa umma mnamo 1858, Wafaransa wa kawaida walinunua zaidi ya nusu, lakini zilizotengewa mataifa mengine hazikupata wateja. De Lesseps alimbebesha Said mzigo huo wote. Misri ikajikuta na hisa zipatazo 177,000, ikilipia kwa fedha ambazo haikuwa nazo.

Uchimbaji ulianza Aprili 25, 1859, katika ufuo mtupu ambao baadaye uliitwa Port Said kwa heshima ya mtawala huyo.

Kazi ya miaka ya mwanzo ilikuwa ya shokoa. Kila mwezi watu wapatao 20,000 walikusanywa kutoka vijijini kando ya Nile na kupelekwa jangwani, huku 20,000 wengine wakiwa njiani kurudi na wengine kama hao wakijiandaa kuondoka. Mashamba yalibaki bila watu. Walichimba kwa majembe, wengine kwa mikono mitupu, wakibeba mchanga kwa makapu. Maji ya kunywa yaliletwa kwa ngamia hadi mfereji mdogo wa maji matamu kutoka Nile ulipofika katika eneo la kazi. Mnamo 1865 kipindupindu kiliingia kambini na kuua wengi.

Ni wangapi walikufa? Katika hotuba yake ya 1956, Nasser alitaja watu 120,000. Wanahistoria wengi huona idadi hiyo kuwa kubwa mno, na kumbukumbu za kampuni zinataja vifo vichache zaidi. Hakuna aliyewahesabu wanakijiji hao ipasavyo, na kutohesabiwa huko kunaeleza mengi.

Said alifariki mnamo 1863, naye Ismail akachukua usukani. Chini ya shinikizo la Uingereza na la Sultani wa Uturuki, aliyekuwa mkuu wa Misri kwa jina, Ismail aliamua kukomesha shokoa na kudai ardhi irejeshwe. Kampuni ililalamika. Suala lilipelekwa kwa msuluhishi, naye msuluhishi huyo hakuwa mwingine ila Napoleon wa Tatu, mfalme wa Ufaransa. Mnamo 1864 aliamua kwamba Misri iilipe kampuni faranga milioni 84, zikiwemo milioni 38 kwa ajili ya vibarua waliokomeshwa. Kwa maneno mengine, Misri ilitozwa fidia kwa kukataa kuwalazimisha raia wake kufanya kazi.

Fedha hizo zilinunua mitambo. Tangu hapo, sehemu kubwa ya mchanga iliondolewa na mashine za mvuke za kuchota udongo chini ya maji, za namna ambayo haikuwa imeonekana mahali pengine popote. Kwa jumla takriban mita milioni 74 za ujazo za udongo zilitolewa, na gharama ikafikia kama maradufu ya makadirio ya awali.

Mfereji ulifunguliwa Novemba 17, 1869. Malkia Eugénie wa Ufaransa aliongoza msafara akiwa katika meli yake L'Aigle, akifuatwa na wafalme na wana wa wafalme wa Ulaya. Ismail alikuwa amejenga jumba la opera mjini Cairo kwa ajili ya wageni hao. Wengi huamini kwamba opera ya Aida ya mtunzi Verdi ndiyo iliyochezwa wakati huo, lakini hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mnamo Desemba 1871. Mchongaji Bartholdi naye alikuwa amependekeza sanamu kubwa ya mwanamke wa Kimisri aliyeinua mwenge, isimame kwenye lango la mfereji. Ismail hakuwa na fedha za kuigharamia. Wazo hilo lilivuka Atlantiki na hatimaye likazaa Sanamu ya Uhuru ya New York.

Fedha ndizo zilizomwangusha Ismail. Alijenga reli, shule, mifereji ya kunyunyizia mashamba na makasri, akitegemea bei ya pamba iliyokuwa imepanda wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani. Vita hivyo viliisha mnamo 1865, bei ikaporomoka, mikopo ikaendelea. Kufikia 1876 deni la Misri lilikuwa limepita pauni milioni 90.

Novemba 1875, akiwa amebanwa kabisa, Ismail aliziuza hisa zake 176,602 kwa Uingereza. Waziri Mkuu Benjamin Disraeli alikopa takriban pauni milioni nne kutoka kwa jamaa ya Rothschild, bila kungoja Bunge likutane. Nchi iliyokuwa imeupinga mfereji kwa miaka 15 ikawa mwenyehisa wake mkubwa kuliko wote. Miaka mitano baadaye ile haki ya asilimia 15 ya faida pia iliuzwa. Misri ikabaki na mfereji katikati ya ardhi yake, bila kupokea hata senti moja ya mapato yake.

Yaliyofuata yalienda kwa kasi. Wadai wa Ulaya walitwaa usimamizi wa hazina. Ismail aliondolewa mnamo 1879. Kanali Ahmad Urabi alipoongoza maasi dhidi ya ukandamizaji huo, manowari za Uingereza ziliushambulia mji wa Alexandria mnamo Julai 1882, na mnamo Septemba 13 jeshi la Urabi likashindwa huko Tel el-Kebir. Waingereza walisema wangekaa kwa muda mfupi. Askari wao wa mwisho katika kambi za Suez waliondoka Juni 1956.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoigusa pwani ya Afrika Mashariki.

Kwanza, mfereji ulizipa nguvu meli za mvuke. Safari ya London hadi Bombay kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa ya kilomita zipatazo 19,800. Kupitia Suez ilipungua hadi karibu 11,600. Lakini merikebu za matanga hazikuweza kufaidi njia hiyo, kwani pepo za Bahari ya Sham haziaminiki na ndani ya mfereji ingebidi zivutwe. Cutty Sark, mojawapo ya merikebu za matanga zenye mbio zaidi kuwahi kuundwa, ilishushwa majini nchini Scotland siku tano tu baada ya mfereji kufunguliwa, na haikudumu miaka mingi katika biashara ya majani chai iliyoundiwa.

Pili, Zanzibar na Mombasa ghafla zikawa karibu na Ulaya. Mnamo 1872 kampuni ya British India ya Mskoti William Mackinnon ilianza kupeleka meli ya barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Biashara iliyokuwa imefuata kusi na kaskazi tangu enzi na enzi ikaanza kufuata ratiba. Mwaka uliofuata, chini ya tisho la manowari za Uingereza, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Mackinnon huyo huyo ndiye aliyeanzisha kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mnamo 1888 na kuwa serikali ya kwanza ya kikoloni katika eneo ambalo sasa ni Kenya.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kulikuwa na hesabu ya kijeshi. Mfereji ulikuwa njia ya kwenda India. Aliyetaka kuulinda ilimpasa aishike Misri. Misri nayo inaishi kwa maji ya Nile, na Nile inatoka Ziwa Victoria. Kwa mantiki hiyo, Waziri Mkuu Lord Salisbury alihakikisha katika mkataba wa Julai 1, 1890 kwamba Ujerumani inaiachia Uingereza eneo la Uganda, naye akawapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland kilichoko katika Bahari ya Kaskazini.

Wanahistoria Ronald Robinson na John Gallagher waliitilia mkazo hoja hiyo katika kitabu chao cha 1961, na tangu hapo imebishaniwa. Wapo wanaosema kuwa tamaa ya masoko ilikuwa na uzito zaidi. Hata hivyo, ni vigumu kueleza kwa hesabu za biashara peke yake kwa nini Uingereza ilikubali kujenga reli ya gharama kubwa kutoka Mombasa mnamo 1896, ikipita katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na shehena ya kuijaza, hadi ilipofika Kisumu mnamo 1901. Kwa kiasi fulani, Nairobi ilizaliwa kwa sababu ya mfereji ulioko Misri.

Njia hiyo hiyo iliwaleta maafisa na walowezi, na pia iliwapeleka Ulaya waliowapinga. Jomo Kenyatta alipoabiri meli Mombasa mnamo Februari 1929 kupeleka London malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi, alipitia Suez, akafika mapema mwezi Machi.

Mkataba uliotiwa saini mjini Constantinople mnamo Oktoba 1888 ulisema kwamba mfereji ungekuwa wazi kwa meli za nchi zote, wakati wa amani na wa vita. Sheria hiyo nzuri iligeuka kuwa kisingizio mnamo 1935. Mussolini alipowapeleka mamia ya maelfu ya askari kuivamia Ethiopia, walipitia mfereji huo, wakilipa ushuru kama kawaida. Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo, lakini si vya mafuta, na Suez haikufungwa. Haile Selassie alipokimbia nchi yake mnamo Mei 1936, manowari ya Uingereza iliyomchukua kutoka Djibouti hadi Haifa ilipitia katika maji yale yale.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Misri ilipoanza kudai askari wa Uingereza waondoke, London iliitazama Kenya kama mbadala. Mnamo 1947 kazi ya kujenga bohari kubwa ya zana za kijeshi ilianza kichakani kando ya reli, kilomita kadhaa kutoka Voi, mahali paitwapo Mackinnon Road kutokana na barabara ya yule yule mwenye meli. Mradi huo uliachwa njiani baada ya kula fedha nyingi. Mnamo 1954 majengo yake yaligeuzwa kuwa kambi ya kuzuilia washukiwa wa Mau Mau.

Sasa turudi kwa Nasser. Wiki moja kabla ya hotuba yake, Marekani na Uingereza zilikuwa zimefuta ahadi ya kufadhili bwawa kuu la Aswan. Alieleza kwamba mnamo 1955 kampuni ilipata pauni milioni 35 na kuipa Misri pauni milioni moja tu. Mapato hayo, alisema, ndiyo yangejenga bwawa.

Uingereza na Ufaransa zilitarajia kwamba Wamisri wangeshindwa kuendesha mfereji. Marubani, yaani mabaharia stadi wanaoziongoza meli katika njia hiyo nyembamba, wengi wao walikuwa wageni, na katikati ya Septemba wengi waliacha kazi kwa pamoja. Wamisri wachache waliobaki, pamoja na wengine walioletwa upesi kutoka nchi nyingine, walifanya kazi zamu baada ya zamu, na meli zikaendelea kupita. Labda huo ndio ushindi mkubwa zaidi wa Misri katika mgogoro mzima, ingawa hutajwa mara chache kuliko vita vyenyewe.

Vita vilikuja Oktoba 29. Kwa mapatano ya siri yaliyofanywa huko Sèvres, karibu na Paris, Israeli iliivamia Sinai, kisha Uingereza na Ufaransa zikajitokeza kana kwamba ni wapatanishi na kuteremsha wanajeshi Port Said. Misri ilizamisha meli ndani ya mfereji na kuuziba. Marekani, iliyokuwa imeghadhabishwa, iliibana Uingereza kifedha, na Muungano wa Sovieti ukatoa vitisho. Mapigano yalisitishwa Novemba 6, na kabla ya mwaka kwisha majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yameondoka. Waziri Mkuu Anthony Eden alijiuzulu Januari 1957. Wenyehisa walilipwa fidia, na mfereji ukafunguliwa tena Aprili 1957.

Kwa Waafrika waliokuwa wakipigania uhuru, funzo lilikuwa wazi: dola mbili kuu za kikoloni zilikuwa zimerudi nyuma mbele ya nchi ya Kiafrika. Kwa Waingereza, kupoteza Suez kulimaanisha kutafuta tena mahali pa kuweka askari wa akiba, na safari hii walijenga kambi huko Kahawa, nje ya Nairobi. Kambi hiyo ilikabidhiwa serikali ya Kenya baada ya uhuru na kugeuzwa kuwa chuo mnamo 1965. Leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Vita vya Juni 1967 viliufunga mfereji kwa miaka minane kamili. Israeli ilishika ukingo wa mashariki, Misri ule wa magharibi, na meli 15 za kigeni zikanaswa katikati. Kumi na nne kati yazo, za Uingereza, Ujerumani Magharibi, Uswidi, Poland, Ufaransa, Bulgaria, Czechoslovakia na Marekani, zilitia nanga katika ziwa liitwalo Great Bitter Lake na kufunikwa na mchanga wa jangwani hadi zikabandikwa jina la Msafara wa Manjano. Mabaharia wake walianzisha chama, wakachora stempu zao wenyewe, na mnamo 1968 wakafanya michezo yao ya Olimpiki. Ukihesabu miaka 99 tangu 1869, kile kibali cha kampuni kingemalizika Novemba 17, 1968. Siku hiyo ilipofika, hakukuwa na meli ya kutozwa ushuru.

Kwa Mombasa na Dar es Salaam, miaka hiyo ilikuwa ya hasara. Safari ya kwenda London kupitia Suez ni ya kilomita zaidi ya 11,000. Kupitia Rasi inakaribia 16,000. Kahawa ya Uganda na majani chai ya Kenya vilibidi kupita mbele ya bandari za Afrika Kusini, iliyokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi ambao nchi hizi zilikuwa zikiupinga. Bandari hizo ndizo zilizonufaika kwa kuzihudumia meli.

Wakati huo huo, wenye meli za mafuta waliamua kuunda meli kubwa mno ambazo safari ndefu ingezilipa. Mfereji ulipofunguliwa tena Juni 5, 1975, baada ya majeshi ya Misri kuuvuka mnamo Oktoba 6, 1973, baadhi ya wateja wake wa zamani hawakuweza tena kuingia. Tangu hapo Misri haijaacha kuupanua. Mnamo Agosti 2015 ilizindua njia ya pili yenye urefu wa kilomita 35, iliyogharimu takriban dola bilioni nane. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa Wamisri wenyewe, walionunua dhamana za pauni bilioni 64 za Misri kwa muda wa siku nane. De Lesseps angeshangaa.

Kuna wasafiri wengine ambao hawalipi ushuru. Mamia ya aina za viumbe wa Bahari ya Sham wamepenya hadi Mediterania, na wanasayansi huuita uhamaji huo kwa jina la de Lesseps. Miongoni mwao ni jamaa za tafi wanaojulikana na wavuvi wetu, ambao wametafuna mwani wa miamba ya Uturuki na Ugiriki hadi sehemu nyingine zimebaki tupu. Yumo pia bunju, ambaye mvuvi yeyote wa Lamu au Shimoni anajua kwamba ana sumu. Wavuvi wa Mediterania imewabidi kujifunza hilo upya.

Nguvu na udhaifu wa njia hiyo vilionekana bayana Machi 23, 2021, pale meli ya makasha Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama kingamo katika sehemu yenye njia moja. Kwa siku sita hakuna chombo kilichopita. Zaidi ya meli 400 zilipanga foleni, nyingine zikiwa na mifugo hai. Misri iliizuilia meli hiyo hadi Julai 7, ikidai fidia.

Pigo lililofuata halikutokea ndani ya mfereji. Tangu Novemba 2023, waasi wa Houthi wa Yemen walianza kuziandama meli katika Bahari ya Sham kutokana na vita vya Gaza, na kampuni kubwa zikarudia njia ya Vasco da Gama kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 2023 meli zaidi ya 26,000 zilipita Suez. Mwaka 2024 zilikuwa takriban 13,000. Mapato yakashuka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 hadi karibu bilioni nne.

Nchini Kenya, waliohisi mapema ni wauzaji wa maparachichi. Tunda hilo husafirishwa katika makasha yenye baridi na huhesabiwa siku tangu linapochumwa. Safari iliporefuka kwa wiki mbili au zaidi, baadhi ya shehena ziliwasili Ulaya zikiwa zimeanza kuiva, na bei aliyopewa mkulima ikashuka.

Huko Ismailia, Mamlaka ya Mfereji wa Suez, ambayo mnamo 2021 ilikuwa na meli mamia zikiisubiri, ilitangaza Mei 2025 punguzo la ushuru la asilimia 15 kwa meli kubwa za makasha, kwa muda wa siku 90, ili kuzibembeleza zirudi.